Mhunzi Alisimama Wapi?

Asubuhi ya Alhamisi, kabla jua halijakolea, Inspekta Koleo alikuwa amepiga magoti ndani ya shimo, suruali imeloa udongo, mkononi ameshika sumaku ya spika aliyoivika mfuko wa nailoni. Jina la Koleo alibandikwa na askari wenzake kwa sababu akishabana kitu haachii. Wachache walijua kwamba alikuwa binti wa mhunzi, na kwamba koleo lenyewe, lile la chuma, alilishika kabla hajaota meno ya pili.

Daktari alisimama juu ya shimo, viatu vyake vikiwa safi. Hakuwa daktari wa sindano na vidonge, alikuwa daktari wa vitu vya kale, na shimo lile lilikuwa lake.

"Inspekta, unatafuta nini tena?" aliuliza. "Mwizi si mmeshamkamata?"

"Namtafuta aliyekuwa anafua chuma hapa."

Daktari akacheka. "Huyo alikufa miaka elfu mbili iliyopita."

"Basi hatanikimbia." Koleo aliinua uso. "Alisimama wapi?"

"Nani?"

"Mhunzi. Jiwe la kufulia hili hapa, limechimbika katikati kwa kupigwa. Moto ulikuwa pale. Yeye mwenyewe alisimama upande gani?"

Daktari alilitazama jiwe, akatazama duara jeusi la majivu ya kale, akanyoosha kidole upande wa magharibi. "Pale. Moto uwe mkono wake wa kushoto, nyundo mkono wa kulia."

"Hata mimi ningesimama hapo," Koleo alisema, akaandika.

Kesi ilikuwa hivi. Jumanne jioni sanduku namba kumi na nne lilipotea kwenye stoo ya wachimbaji. Ndani yake hamkuwa na dhahabu. Kulikuwa na vifuko vya udongo vyenye magamba ya chuma, vile vipande vyembamba vinavyoruka chuma chekundu kikipigwa nyundo, vilivyokusanywa kuzunguka jiwe lile. Mtu mwingine angevifagia na kuvitupa. Kwa Daktari vilikuwa roho yake. Matanuri na lundo la mavi ya chuma, yale mabaki ya kuyeyushia, pale mlimani vilionyesha kwamba watu wa kale waliyeyusha mawe wakapata chuma. Hilo lilijulikana tangu zamani. Lakini kuyeyusha ni jambo moja, kufua ni jingine. Magamba hayadondoki mpaka mtu apige nyundo. Kwa magamba yale Daktari alikuwa ametangaza kwenye magazeti kwamba amegundua karakana ya kwanza kabisa ya wahunzi, na kesho Ijumaa wapimaji wa maabara ya nje walikuwa wanakuja kulichukua sanduku.

Kufuli la stoo halikuvunjwa. Funguo zilikuwa mbili: mmoja wa Daktari, mwingine wa mlinzi. Daktari alikuwa mtu mkubwa. Mlinzi alikuwa mzee wa miaka sabini na ushee, jina lake la mtaani Mzee Mivukuto, na sasa alikuwa amelala mahabusu usiku wa pili.

Mkuu wa kituo hakuzunguka mbuyu alipompa Koleo faili. "Najua umekulia mikononi mwake. Alimvukutia baba yako moto miaka ishirini na sita. Ndiyo maana nakupa mpaka jioni tu. Ukirudi mtupu, kesho anapanda kizimbani na faili linakwenda kwa mwingine."

"Mzee anasema uliliondoa lindo wewe mwenyewe," Koleo alimwambia Daktari sasa. "Anasema ulimtuma dukani akanunue betri za tochi."

"Nilimtuma, ndiyo. Aliporudi mimi nilikuwa nimeshaondoka. Alibaki peke yake na ufunguo." Daktari aliinama kidogo, akashusha sauti kama mtu anayetoa siri ya ndani. "Lakini ukitaka ushauri wangu, usimwangalie mzee peke yake. Mchoraji wangu amekuwa akinong'ona naye wiki nzima. Msichana ana kinyongo. Kuna mtu aliwaandikia wale wapimaji barua isiyo na jina, na mwandiko naujua."

"Asante. Nitamuuliza."

Simu ya Daktari iliita, akasogea kando. Koleo akaishusha sumaku pembeni ya kigingi kilichoshikilia kamba za kugawia eneo. Miraba yote ilikuwa imekwanguliwa mpaka chini, udongo umekwenda na sanduku, lakini mwiko wa mchimbaji haupiti nyuma ya kigingi. Sumaku ilipotoka ilikuwa imeota manyoya: magamba madogo, ya kijivu, yenye makali, yanateleza kama magamba ya samaki aliyeparuliwa leo.

Alivuta mfuko, yakadondoka kwenye bahasha. Kisha akachota kijiko cha udongo kutoka palepale, akautandaza kwenye karatasi nyeupe na kuuchambua kwa ncha ya kalamu, punje kwa punje. Punje tatu zilikuwa nyeusi na ziling'aa. Aliikandamiza moja kwa ukucha. Haikuacha mistari ya mti, wala haikusagika vumbi laini kama mkaa wa kuni. Ilipasuka kama kioo.

Alizifunga zile mbili zilizobaki na kuziandika namba. Ile iliyopasuka aliiweka kwenye kizibo cha soda, akawasha kiberiti chini yake, akainusa. Harufu ilikuwa kali, ya kukata pua.

Makaa ya mawe. Wahunzi wa kale walitumia mkaa wa kuni tu.

*

Mchoraji alikuwa kwenye banda la vifaa, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anachonga penseli ambayo ilikuwa imeshachongoka. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba hivi, vidole vina wino.

"Barua uliandika wewe," Koleo alisema, akaketi juu ya mfuko wa saruji.

"Nani kasema?"

"Aliyekusomesha."

Penseli ilivunjika. Msichana alikitazama kile kipande sakafuni. "Amenitaja mimi?"

"Wewe na mzee. Anasema mlikuwa mnanong'ona."

"Mzee alikuwa ananiuliza mbona sili!" Alisimama, akaketi tena. "Haya. Niliandika mimi. Niliwaomba wapime magamba upya, basi. Sikuiba kitu."

"Kwa nini wapime upya?"

Mchoraji alitoa daftari kubwa chini ya meza, akalifungua. Kila mraba ulikuwa umechorwa kwa mkono, kila jiwe, kila mzizi. "Mraba huu niliuchora Jumatatu moja ya mwezi uliopita. Ona. Udongo mwekundu, vigae viwili, basi. Tukapumzika siku mbili, Daktari akisema tumechoka. Alhamisi tukarudi, akachukua sumaku mwenyewe, akapita hapohapo, magamba yakajaa. Tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga."

"Hukumuuliza?"

"Nilimuuliza. Akaniambia jicho langu bado changa." Alimeza mate. "Inspekta, huyu ndiye aliyenitoa kijijini nikaja kusoma. Kwenye ripoti ya magamba ameweka jina langu kwanza, lake la pili. Nilidhani ananienzi. Baadaye ndipo nikajiuliza, kikinuka, nani atatajwa kwanza?"

Koleo aliligeuza daftari. Ukurasa uliofuata ulikuwa na ramani ya miraba ishirini na mitano kuzunguka jiwe, na ndani ya kila mraba uzito wa magamba yaliyopatikana. Gramu kumi na mbili. Kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kumi na mbili.

"Hii umepima wewe?"

"Mimi, kwa mizani, mbele ya watu."

Koleo aliweka kidole upande wa magharibi wa jiwe. "Hapa Daktari amesema mhunzi alisimama."

"Ndiyo. Lazima asimame hapo, kwa sababu ya moto."

"Baba yangu miguu yake ilikuwa imejaa vidoa vya kuungua, mpaka anazikwa. Magamba yakiruka yanampiga mhunzi. Yanaishia kwenye ngozi aliyojifunga kiunoni na kwenye miguu. Karibu na fuawe, hapo pa kufulia, yanalundikana, mbali yanapungua, na nyuma ya mhunzi hayafiki. Sisi watoto tulikuwa tunakaa nyuma yake, miguu pekupeku, hatuungui." Aligonga karatasi. "Hapa, mbele kumi na mbili, mbali kumi na mbili, nyuma ya mtu kumi na mbili. Hii si kazi ya nyundo. Huyu mtu alikuwa anawamwagia kuku mtama."

Mchoraji aliitazama ramani yake mwenyewe kana kwamba imechorwa na adui. "Nilizipima kwa mkono wangu," alisema polepole, "na sikuona."

"Ulikuwa unamwamini. Naomba daftari hili. Nitakuandikia hati ya kulipokea."

"Lakini magamba yenyewe kayatoa wapi? Ni mengi!"

Koleo alikuwa anaandika hati. Aliitia sahihi kwanza. Mji mzima ulikuwa umehamia gesi na umeme. Fundi aliyebaki akichoma makaa ya mawe alikuwa mmoja tu.

"Hilo nitalijua saa saba," alisema.

*

Karakana ilikuwa mwisho wa mtaa wa mafundi, kati ya muuza vioo na mshona viti. Kaka yake Koleo, wa tumbo moja na aliyemtangulia kwa miaka sita, alikuwa amebana bawaba ya geti kwenye fuawe ya marehemu baba yao. Watu walimwita Fundi. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, wahenga walisema. Yeye alisana chuma, Koleo alivukuta moto, mpaka alipoondoka kwenda chuo cha polisi.

"Mdogo wangu!" Fundi alifurahi kwa sauti. "Leo umekumbuka kwenu? Subiri nimalize hii, chuma kikipoa kinaleta kiburi."

Koleo alisubiri. Ukutani, mahali ambapo mwaka jana watu wa barabara walichora alama nyekundu ya kubomoa, palikuwa pamepakwa chokaa, na juu ya chokaa kimegongomelewa kibao kipya cha shaba: jengo la kumbukumbu, limehifadhiwa. Koleo alikuwa amezunguka ofisi mwaka mzima kwa ajili ya ukuta ule, akaambiwa kila mahali kwamba haiwezekani. Kisha siku moja Fundi alimpigia simu akilia kwa furaha: Mungu amejibu. Koleo naye alikuwa amelia. Leo ndipo aliposoma kwa mara ya kwanza herufi ndogo chini ya kibao. Sahihi ilikuwa ya Daktari.

"Kibao hiki kilikuja lini?"

"Si nilikuambia? Mwezi uliopita."

"Tarehe."

Nyundo ilisimama hewani. "Umekuja kwa kazi?"

"Kwa kazi, kaka. Na hulazimiki kunijibu. Tarehe?"

"Sikumbuki."

Koleo alichukua kitu cha kuchokolea moto, fimbo ya chuma yenye ncha iliyopinda aliyoijua tangu utoto, akaenda kwenye shimo la majivu nyuma ya tanuri. Alianza kuvuta majivu nje, taratibu, akiyatandaza sakafuni.

"Hayo ni machafu tu," Fundi alisema.

"Baba alikuwa anasema majivu hayajui kusema uongo."

"Baba alikuwa anasema mengi. Utajichafua nguo, mdogo wangu. Acha."

Mvuto wa nne ulitoa misumari, kucha za bawaba, na kipande cha mbao kilichoungua nusu. Wa sita ulitoa kibati kidogo cha chuma, ukubwa wa kidole gumba, chenye tundu la kufungia uzi. Koleo alikipangusa kwa leso. Moto ulikuwa umekifanya cheusi, lakini namba iliyogongwa haikufutika. Kumi na nne, na chini yake: mraba wa tisa.

Alikiweka juu ya fuawe.

Fundi alikitazama. Kisha akavua ngozi ya kiunoni, akaitundika kwenye msumari wake kama mtu anayefunga kazi.

"Alikuja mwenyewe," alisema. "Gunia moja la takataka za sakafuni, ndilo alilotaka. Takataka! Kila siku nafagia natupa. Akasema ni za kufundishia wanafunzi. Na akasema ukuta huu hautaguswa. Wewe ulizunguka mwaka mzima, ukaniletea nini? Pole."

"Ulijua za kufundishia si kweli."

"Nilijua niliposoma gazeti."

"Na Jumanne?"

"Alikuja na sanduku kwenye gari lake, jioni. Alilishusha mwenyewe. Akasema wazungu wake wanakuja na vipimo, na moto wangu unakula kila kitu."

"Ukachoma."

"Nikachoma."

"Jumatano asubuhi mtaa mzima ulijua Baba Mdogo Mivukuto yuko ndani kwa wizi wa sanduku hilo. Wewe ulijua liko wapi."

Fundi aliketi juu ya gogo. "Daktari alisema atatolewa wageni wakishaondoka. Siku tatu, nne. Mzee mgumu yule, siku nne hazimuui. Hii karakana ni jasho la baba, wewe! Ningeacha ilale chini ya lami?"

"Yule mzee ana pumu ya moshi wa karakana hii hii, na mahabusu analala kwenye saruji."

Fundi aliyasogeza majivu kwa ncha ya kiatu.

"Simama, kaka."

"Mimi ni kaka yako wa tumbo moja."

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Maelezo yako sitayachukua mimi, atayachukua mwingine." Aliutoa mkono mlangoni, akamwita sajini aliyekuwa akisubiri kwenye gari. "Mpeleke kituoni. Pingu mfunge mbele, begani ana jeraha la zamani."

Alipiga simu kwa mkuu wa kituo palepale, akasoma namba ya kibati tarakimu kwa tarakimu, akaeleza makaa ya mawe, ramani ya miraba na kibao cha shaba, na mwisho akaeleza undugu.

"Kikulacho," mkuu alisema, hakumalizia. "Sawa. Nawatuma watu kwa Daktari."

Walimkuta Daktari ofisini akiandika hotuba ya kuwapokea wageni. Alikana gunia, akakana sanduku, akakana kumjua Fundi. Afisa aliyemhoji alikiweka kibati mezani bila kusema kitu. Daktari aliomba maji. Alipokunywa glasi nzima, akaomba wakili.

*

Saa kumi na moja jioni Koleo aliingia mahabusu na karatasi ya kumtoa Mzee Mivukuto. Mzee alikuwa ameketi kwenye benchi la ukumbi, viatu mkononi kwa sababu kamba zake zilichukuliwa, anakohoa kikohozi kirefu kinachotoka mbali.

"Yamekwisha, Baba Mdogo. Uko huru. Ila nahitaji maelezo yako kwanza."

"Umempata?"

"Nimewapata. Ni Daktari." Koleo alivuta kiti. "Na mwenzake mmoja."

"Usimtaje," mzee alisema haraka.

Kalamu ya Koleo ilitua juu ya karatasi, haikuandika. "Ulijua?"

"Nilimfungulia Daktari geti mwenyewe, usiku alipoleta gunia. Akaniambia mchanga wa kazi. Nimenusa sakafu ya karakana ile miaka ishirini na sita, nisijue kilichomo?"

"Kwa nini hukusema? Siku mbili unalala kwenye saruji!"

"Ningemtaja nani, mwanangu? Niliyembeba mgongoni akiugua surua? Nilijua atakuja kusema mwenyewe. Nikasema nimpe nafasi, aje kwa miguu yake." Mzee alipangusa mdomo. "Na alikuja. Jana mchana. Aliniletea chai kwenye chupa. Akakaa hapo ulipokaa wewe."

Koleo hakujua. Kaka yake hakulitaja hilo. "Alisema nini?"

"Akasema, vumilia Baba Mdogo, Mungu anamjua mwizi." Mzee alitazama viatu vyake. "Nikainywa chai yake mpaka mwisho. Nikiamini kwamba nikiweka kikombe chini, atasema. Akachukua chupa yake, akaaga."

Kikohozi kilimshika tena. Koleo aliyaandika maneno yake huku akimsubiri. Kilipopungua, alisema kwa sauti ya kazi: "Bila wewe, wakili wa Daktari atasema kibati kiliokotwa jalalani. Wewe ndiye uliyeona gunia. Sikulazimishi. Nimekuandikia maneno haya, nikusomee?"

"Soma."

Alisoma polepole. Geti, gunia, betri za tochi. Alipofika mwisho alikiweka kidau cha wino wa alama za vidole mezani. Mzee aliiangalia ile karatasi bila kuigusa.

"Nikiweka kidole hapa, anafungwa?"

"Huenda."

"Na karakana?"

"Kibao kilitolewa kwa hila. Kitang'olewa."

"Basi nyumba yote ya baba yako inakwisha kwa kidole changu," mzee alisema, akaukunja mkono na kuuweka mapajani. "Niache nifikiri."

Mlango wa mwisho wa ukumbi ulifunguliwa. Sajini alikuwa anampitisha Fundi kutoka chumba cha maelezo kwenda seli, pingu mbele, majivu bado yamemganda kwenye nyusi. Hapakuwa na njia nyingine ila mbele ya benchi lile. Fundi aliinua macho, akamwona mzee, akasimama. Sajini akamwacha asimame.

Fundi aliinama kwa heshima, kama alivyofundishwa tangu mdogo.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

Mzee Mivukuto alimtazama. Mdomo wake ulianza kufunguka wenyewe, kwa mazoea ya miaka yote, kisha akaufunga. Karani wa zamu alisimamisha kalamu. Fundi aliinama zaidi, akarudia, safari hii kwa sauti ya chini: "Shikamoo."

Mzee aligeuka kwa Koleo, akatumbukiza kidole gumba kwenye wino, akakikandamiza chini ya karatasi, kwa nguvu, muda mrefu.